Shaba Nyuma ya Maporomoko

Kila mgeni aliyeingia sebuleni mle aliuliza swali lilelile: maji yanaporomokaje ndani ya maji? Alisogeza pua kwenye kioo cha tangi, akaacha duara la mvuke, akalifuta kwa kiwiko, akatazama tena. Kutoka ukingoni mwa jiwe, karibu na uso wa maji, kitu cheupe kilishuka bila kukatika, kikapita mbele ya pango dogo, kikapotelea nyuma ya mawe ya chini. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walikatiza katikati yake kama watoto wanaokatiza pazia la mlangoni.

“Si maji hayo,” mwenye nyumba alikuwa akijibu, kwa ulimi uliokuwa mzito upande mmoja. “Ni mchanga. Muulizeni mdogo wangu, ndiye mchawi.”

Mchawi mwenyewe ni fundi bomba. Ndugu na wateja humwita Tepu, kwa sababu hajawahi kuunga bomba bila kulizungushia ile tepu nyeupe mara nyingi kuliko inavyohitajika. Ni mtu mwembamba, mwenye magoti yaliyokwisha kwa kupigwa chini ya masinki ya watu, na mwenye tabia ya kusikiliza ukuta kabla ya kuubomoa. Uchawi wake ni rahisi kuueleza, ila kuufanya ni kazi nyingine. Mchanga laini, uliochekechwa mpaka chembe zote zikalingana, hukusanyika chini ya tangi kwenye faneli iliyofichwa nyuma ya mawe. Kutoka hapo bomba linapanda. Pampu ndogo iliyo nje husukuma hewa kwa mpira mwembamba hadi chini ya bomba hilo. Mapovu yakipanda hubeba maji, maji hubeba mchanga, na juu mchanga humwagika tena ukingoni. Hewa ikizidi, mchanga hutawanyika na tangi lote huwa uji. Ikipungua, bomba linaziba. Kati ya uji na kuziba kuna nafasi ndogo, na Tepu aliifahamu nafasi hiyo kwa sikio.

Kazi hii aliiingilia kwa mlango wa uani. Aliitwa na mteja kuzibua sinki, akakuta sebuleni tangi la maji ya chumvi lenye anemoni, yule mnyama anayeonekana kama ua na kutikisika kama nywele. Sinki alilizibua, lakini hakumbuki vipi. Aliporudi nyumbani alianza kujaribu. Kwanza chungu kidogo kilicholala ubavu, kikitapika mapovu kana kwamba kinachemka. Halafu mrija mpana wa kioo uliosimama wima, maji yakizunguka ndani yake kama kimbunga kilichofugwa. Watu wenye matangi majumbani wakaanza kumtafuta. Mkewe peke yake hakushangilia.

“Koki ya bafu letu inadondoka tangu tuoane,” alimwambia, “na wewe umekaa unawajengea samaki kimbunga.”

“Samaki hawanung’uniki.”

“Hawanung’uniki kwa sababu hawaogi kwenye bafu lako.”

Maporomoko ya mchanga ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote, na aliyajenga mara moja tu, kwa kaka yake.

Kaka huyo ni fundi cherehani, mshonaji wa suti, mtu aliyeweza kutazama bega la mteja mlangoni na kujua koti litakaa wapi. Kiharusi kilimnyang’anya mkono na mguu wa kushoto, kikamwachia macho, kiburi na mdomo. Tangu hapo alishinda kwenye kiti chenye mito, akimwangalia mkewe akifagia na kumwambia alipoacha vumbi. Tepu, ambaye ni kitindamimba, alilelewa katika nyumba hiyo. Wazazi walipofariki mapema, kaka ndiye aliyempeleka kujifunza ufundi, na mke wa kaka ndiye aliyempashia maji ya kuoga, akamfulia sare, akamkalia macho alipougua surua. Kwa hiyo shemeji yake alikuwa shemeji kwa jina tu. Kwa matendo alikuwa mama.

Huyo mama alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana daima, kama vya mtu aliyetoka majini sasa hivi, na kitambaa hakipiti mbele yake bila yeye kukinusa. Tangi la maji ya chumvi lilipoletwa, na samaki, konokono, kamba na anemoni wake, kulilisha na kulisafisha kukawa kazi yake. Hakulalamika. “Hawa angalau wanakula bila kusema chumvi imezidi,” alisema, akimtazama mumewe.

Siku ya kuyafungulia maporomoko, Dada alikuwapo. Dada ni wa pili kuzaliwa, na katika ukoo huitwa Spika, maana hakuna kikao kinachoanza kabla hajafika wala kinachokwisha kabla hajachoka. Majirani walikuwapo pia. Kaka alivaa koti, akachomeka kitambaa mfukoni, akasogezwa mbele ya kioo kama bwana harusi.

Tepu alikuwa ameinama nyuma ya tangi, mkono majini hadi begani, akikaza kiungo cha mwisho, kile kidogo cha plastiki kinachounganisha mpira wa hewa na bomba. Alikaza, akaongeza kidogo, na kama mafundi wote wanaojua walipofika lakini hawaamini, akaongeza tena. Akasikia “ta!” Kiungo kilikuwa kimepasuka.

Ilikuwa Jumapili, maduka ya vifaa yamefungwa. Sebuleni Dada alikuwa akiuliza kama uchawi unasubiri mwezi uandame. Ndani ya sanduku la Tepu kulikuwa na kiungo cha kipimo kilekile, cha shaba, kizito, kinachong’aa. Na hapa inabidi kueleza imani ya mtu huyu. Kwa fundi bomba wa umri wake, plastiki ni haraka ya siku hizi, na shaba ndiyo kazi. “Plastiki inaahidi, shaba inaapa,” huwaambia wateja. Maisha yake yote, kila alipotaka kumfanyia mtu kazi ya heshima, alitia shaba.

Lakini alikuwa ameambiwa. Muuza samaki wa matangi ya chumvi alimwambia dukani, kwa maneno yasiyo na kona: “Maji ya chumvi yanakula chuma, na shaba ndiyo kabisa usiitie. Samaki anaweza kuvumilia. Asiye na mifupa havumilii.” Asiye na mifupa ni konokono, ni kamba, ni anemoni. Tepu aliitikia kwa kichwa siku ile, na aliyakumbuka maneno hayo akiwa nyuma ya tangi na kiungo mkononi. Akachukua tepu yake nyeupe, akazungusha, akazungusha tena mpaka shaba haikuonekana. Akajiambia ni kwa siku chache, atanunua cha plastiki, akibadilishe.

Akawasha pampu. Mchanga ulisita, ukapanda, ukamwagika ukingoni.

“Hariri,” alisema kaka, na machozi yakamtoka. “Tazameni inavyoanguka. Hariri haina mkunjo.”

Nani angeyafungua tena, baada ya hapo? Kukibadilisha kiungo kulimaanisha kutoa mawe, kuzima kila kitu, kumwacha mgonjwa akitazama tope. Tepu aliahirisha. Kaka alikuwa akilala vizuri zaidi, akila vizuri zaidi, na hata matusi yake yalikuwa yamepata afya. Wiki ikazaa wiki.

Wa kwanza kufa walikuwa konokono. Walibanduka kwenye kioo mmoja mmoja, wakalala chali mchangani. Kisha kamba, yule mwenye mistari myekundu na myeupe, alikutwa amelala kwa ubavu chini ya pango. Mwisho anemoni alijikunja, akasinyaa kama soksi iliyolowa, akaanza kunuka. Samaki wale wawili waliendelea kukatiza pazia lao kana kwamba hawakupata habari za msiba.

“Ni sabuni,” kaka aliamua. “Mikono ya huyu mwanamke haijakauka sabuni tangu aache kazi hospitali.”

“Mimi nasuuza mikono mpaka kwenye viwiko kabla sijagusa maji yako,” alisema mkewe.

“Leo umesuuza?”

“Nimesuuza.”

“Jana?”

Akaanza kukumbuka. Kosa lake lilikuwa hilo la kukumbuka; mtu mwongo angejibu palepale.

Kaka akageuza shingo. “Tepu, wewe ndiye mwenye kujua. Sabuni inaweza kuua hivi?”

Tepu alikuwa amesimama mbele ya kioo. Aliona samaki wazima na wasio na mifupa wamekwisha, akajua kilichotokea kama anavyojua bomba lililopasuka ndani ya ukuta. Shemeji yake alikuwa akimtazama, bila wasiwasi, kama mtu anayemngojea shahidi wake mwenyewe aseme.

“Inawezekana,” alisema Tepu.

Na ukisema kweli, hakudanganya. Sabuni inaweza kuua. Lakini neno la fundi si kama neno la mpita njia. Shemeji yake aliliamini. Alitazama viganja vyake, juu na chini, kama vitu alivyoazimwa.

Tangu siku ile alianza kubadilika. Alikuwa mtu wa kufunga mlango na kuondoka. Sasa alifika getini, akasimama, akarudi jikoni kugusa vifungio vya jiko la gesi. Alikuwa akipika bila kupima; sasa alionja, akasahau kama ameonja, akaonja tena. Siku moja Tepu alipita kumsalimu, akaketi kwenye stuli ya jikoni, na shemeji yake akamwekea chai.

“Shemeji, nikuulize kitu, usinicheke,” alisema. “Mtu anaweza kusahau kitu ambacho mikono yake imekifanya?”

“Umri huo, shemeji,” alijibu Tepu. “Sote tunasahau.”

Akainywa chai ile mpaka chini.

Aliamua kulimaliza jambo kimyakimya. Alikuja asubuhi, akasema anasafisha pampu, akamwomba kaka avumilie. Aliondoa mawe, akakata tepu yake. Chini yake shaba ilikuwa imeota ukijani kama mkate uliosahaulika. Akatia kiungo cha plastiki, safari hii akikaza kwa vidole viwili. Akabadilisha sehemu ya maji. Halafu akaenda kununua kamba mpya na anemoni mpya, akamletea shemeji yake kama zawadi.

“Hawa wako,” alimwambia. “Tuanze upya.”

Yule mama alifurahi kupita kiasi, na hilo ndilo lililomchoma Tepu. Alinunua glavu mpya za mpira, akakataza mtu yeyote kuzigusa. Akasuuza mikono kabla ya kuvaa glavu, akasuuza na glavu zenyewe. Alilisha tangi lile kama mtu anayelisha kichanga. Na wote wakafa, anemoni akiwa wa mwisho, mbele ya macho yake.

Tepu alirudi kwa muuza samaki, akauliza kwa ajili ya “mteja fulani.” Muuza samaki hakuinua kichwa.

“Kiungo kimetolewa, sawa. Lakini mawe na mchanga vimeshainywa. Shaba ikiingia kwenye mawe ni mgeni aliyehamia. Mwambie mteja wako atupe mchanga wote, mawe yote, asugue tangi, aanze na maji mapya.” Akaongeza: “Na aache kuua wanyama wa watu.”

Kutupa vyote. Ungemweleza kaka nini, ukiyabomoa maporomoko yake mpaka jiwe la mwisho? Tepu akarudi nyumbani bila kupitia kwa kaka. Kosa lilikuwa la shaba, lakini sasa ushahidi wote ulimwelekea shemeji yake: wamekufa mara ya kwanza mikononi mwake, wamekufa na mara ya pili, tena na glavu. Ile zawadi aliyotaka imwokoe ndiyo iliyomfunga kamba.

Kaka alimkataza mkewe kugusa tangi. Kisha Dada akaita kikao.

Alikuja mchana akiwa na sanduku tupu la nguo, akaliweka kando ya mlango. Hakuna aliyeuliza la nini. Walikaa wanne: kaka kitini, Dada akimwelekea, Tepu pembeni karibu na tangi, na mke wa kaka kwenye kiti cha plastiki alichokitoa uani, kama mgeni nyumbani kwake.

“Sitaki kumsema mtu,” alianza Dada, na kila anayemfahamu alijua anayekuja kusemwa. “Wifi yangu amefanya kazi, Mungu anajua. Lakini amechoka. Mtu aliyeshindwa kuweka hai konokono, konokono jamani, mnyama asiyedai chochote, tutamwachiaje mgonjwa mwenye dawa za asubuhi na jioni? Kaka ahamie kwangu. Wifi apumzike kwa ndugu zake.”

“Kwako kuna ngazi,” alisema kaka.

“Tutakubeba.”

“Mimi si friji.”

“Friji halibishi.”

Kaka akataka kucheka, kisha akamtazama mkewe. “Wewe unasemaje?”

Tepu alimwomba Mungu shemeji yake akasirike. Angekasirika, angetupa kiti, angemtaja Dada kwa jina lake la utotoni, mambo yangejitengeneza. Lakini yule mama alikuwa akivitazama vidole vyake.

“Mchukueni,” alisema. “Siku hizi sijiamini. Juzi nilishika vidonge vyake, nikasimama. Sikujua kama nimempa au bado. Sijui kama ni kweli nilisahau, au nilijiogopesha tu. Lakini sijui. Mtu asiyejua asiachiwe mtu.”

Hapo Tepu alisikia sauti yake mwenyewe, na haikuwa imejiandaa.

“Haikuwa sabuni.”

“Wewe nyamaza,” alisema Dada. “Unamtetea kwa sababu alikulea.”

“Simtetei. Ningekuwa namtetea ningesema zamani. Ni mimi. Plastiki ilipasuka siku ile, mkiwa mmekaa hapa, nikaweka shaba. Niliambiwa isiwekwe, nikaiweka. Shaba ndiyo iliyowaua. Nikaja kuitoa kwa siri, na wale wa pili wakafa kwa sababu mawe yameshaingia sumu. Hata glavu angevaa kumi, wangekufa.”

Kaka alimgeukia mdogo wake.

“Nilikuuliza,” alisema kaka taratibu. “Nilikuuliza mbele yake, ukasema inawezekana.”

“Nilisema.”

“Kwa nini?”

Tepu aliutazama mchanga ukianguka. “Ulikuwa umeiita hariri,” alisema. “Nilitaka iendelee kuwa hariri.”

Mke wa kaka aliinuka. Hakupaza sauti. “Ulijua lini?”

“Tangu konokono wa kwanza.”

“Kwa hiyo ulipokaa jikoni kwangu, nikakuuliza kama mtu anaweza kusahau mikono yake.”

“Nilijua.”

“Ukaniambia ni umri.”

“Ndiyo.”

Tepu alikuwa amejiandaa kwa kofi, na kwa machozi pia. Hakupata hata kimoja.

“Haya,” alisema Dada, akijikohoza, “basi mambo ya samaki yamekwisha, sote ni binadamu, tusameheane tunywe—”

“Hayajakwisha,” alisema wifi yake. “Chukua sanduku lako. Linazuia mlango.”

Kaka akanyoosha mkono wake mzima. “Bibie. Nami nilikusema vibaya. Nisamehe.”

“Ya kwako baadaye,” alisema mkewe. “Wewe hukimbii.”

Dada alimeza kicheko, akabeba sanduku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliondoka kwenye kikao kabla hakijafungwa.

Kuyabomoa maporomoko kulichukua siku kadhaa. Tepu aliwahamisha samaki wawili kwenye ndoo kubwa ya maji mapya ya chumvi, akawatilia pampu ya hewa. Alitoa mawe, akachota mchanga kwa bakuli, akaujaza kwenye magunia. Kaka alikaa akiangalia bila kusema neno, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi, maana matusi ya kaka yana mwisho. Siku ya pili aliuliza jambo moja tu: kama mchanga ule unaweza kufuliwa. Tepu akasema hapana. Kaka akageuza uso dirishani.

Shemeji yake alipita na nguo zake, akienda na kurudi, bila kugongana naye hata mara moja katika ujia ule mwembamba. Chai aliiweka mezani, si mkononi. Alipohitaji kujua jambo alisema, “Fundi, utamaliza lini?” kama anavyoulizwa mtu aliyeitwa kuzibua sinki.

Siku ya mwisho Tepu alikuwa getini na gunia begani. Shemeji yake alitoka na kikapu, anakwenda sokoni. Akapita geti, akaenda hatua chache, akasimama. Tepu alijua kwa nini amesimama. Alikuwa jikoni dakika chache tu zilizopita, akinawa mikono, na alikuwa ameviona vifungio vya jiko vikiwa vimefungwa vyote.

“Umefunga gesi, shemeji,” alisema. “Nimeona kwa macho yangu.”

Yule mama alimtazama, akaweka kikapu chini, akaingia ndani kuangalia mwenyewe.